Yule "mwalimu" wa ASCII leo kanivunjia heshima mbele ya watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jamaa mnamjua, huyo wa ASCII (ile orodha ya kawaida ya namba za herufi, ambapo 65 ni A), sina haja ya kumtaja. Uzi wowote wa Commodore 64, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, ukifunguliwa, yeye kashafika kabla chai haijapoa.

Kijana mgeni kauliza kwa nini programu yake inaleta herufi ndogo. Mistari miwili tu:

10 PRINT CHR$(14)
20 PRINT CHR$(65)

Nikamjibu kwa upole: mwanangu, CHR$ inageuza namba kuwa herufi au amri, na hiyo 14 ndiyo imeihamishia mashine kwenye herufi ndogo, kwa hiyo 65 inakupa a. Ukitaka A kubwa weka 193, au urudi hali ya mwanzo kwa CHR$(142). Nilishaandika kwenye mashine yangu mwenyewe, a imekaa pale kwenye skrini ya bluu inanitazama.

Kumbe jamaa anachungulia. Akashusha: "65 ni A hata kaburini. Wewe rudi chekechea ukasome a e i o u."

HATA KABURINI! Mashine inasema a, yeye anasema A, halafu wa kwenda chekechea ni mimi! Mashine ya 1982 hiyo, inatumia PETSCII, orodha ya namba za herufi ya Commodore wenyewe, iliyorithi kwa kompyuta yao ya PET ya 1977, ASCII yako inaingiaje hapo? Nina mvi, nina wajukuu, naambiwa a e i o u mbele ya mtoto niliyetoka kumwita mwanangu! Na watu 17 wakampa like. Kumi na saba! Hata kaburini!

#2
Mkuu, povu lote hili kwa herufi moja? Kunywa maji.

#3
Mleta uzi yuko sahihi. Na afadhali yako, mimi nilipiga POKE 1024,65 (amri ya kuweka namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini) nikisubiri A, ikaja shupaza. Nikajiuliza nimefungua kompyuta au nimekaa kwenye karata. Kumbe kwa POKE A ni 1.

#4
Nyie mnadeka. Kwenye kompyuta ya ZX81, A ni 38. Na kwenye mdogo wake ZX Spectrum, CHR$ 245 inakutapikia neno zima PRINT. Mimi nimlilie nani?

#5 (mleta uzi)
Tusitoke kwenye mada jamani. Kasema hata KABURINI.

#6
Spectrum ile ya vitufe vya raba? Kuandika mistari kumi ni kama kukanda unga.

#7
Mzee, ada ya chekechea shilingi ngapi siku hizi? Tukuchangie.

#8
Raba ina afadhali. Mimi adapta ya Commodore imepandisha volti jana usiku, chipu za RAM zimekwenda na maji.

#9
Pole sana #8. Adapta ya zamani haichomekwi bila kupimwa kwanza, ule upande wa volti 5 ndio muuaji.

#10 (mleta uzi)
Kwa hiyo mimi ndio basi?

#11
#9, una adapta nzima unauza? Njoo PM.