Mjadala: Pesa ya tiba mtandao iende kwenye skrini za hospitali za mkoa, au kwa tabibu wa zahanati?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja, mnaopinga karibuni. Kila tiba mtandao inapozinduliwa picha ni zilezile: chumba chenye kiyoyozi, runinga kubwa ukutani, bingwa aliyeko Dar anaongea na daktari wa mkoani, mgeni rasmi anapiga makofi. Teknolojia siipingi. Napinga mahali inapowekwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na karibu theluthi mbili yetu tuko vijijini. Huko mtu akiumwa anaanzia zahanati, kwa tabibu au muuguzi. Mgonjwa aliyefanikiwa kufika hospitali ya rufaa ya mkoa ameshavuka sehemu kubwa ya shida yake.

Kwa hiyo nasema hivi: bingwa asihangaike kumtibu mgonjwa mmoja mmoja kwenye skrini. Akutane na matabibu kila wiki, wamletee wagonjwa walio nao mkononi, wajadili, tabibu arudi akatibu mwenyewe. Baada ya muda hatamhitaji bingwa kwa ugonjwa ule.

Jambo hili limeshajaribiwa. Kule New Mexico, Marekani, bingwa wa ini Dkt. Sanjeev Arora alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini C wanaosubiri hadi miezi 8 kumwona, wengine wakisafiri kilomita 400. Mwaka 2003 akaanza vikao vya video vya kila wiki na wahudumu wa vituo vya vijijini na magereza. Matokeo yalichapishwa 2011, wagonjwa 407: kliniki ya chuo kikuu waliopona asilimia 57.5, vijijini na magerezani 58.2. Na zile zilikuwa enzi za sindano za interferoni, dawa yenye madhara makali, si vidonge vya leo.

Atakayesema "hiyo ni Marekani" akumbuke ARV. Mwaka 2004 tulipoanza, ilikuwa kazi ya hospitali kubwa. Leo muuguzi wa zahanati anatoa dawa, anafuatilia, na anajua ni lini sampuli iende maabara. Kifua kikuu sugu nacho, 2009 matibabu yalianzia hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, baadaye yakasambazwa hospitali nyingine. Kwa nini wagonjwa wa kisukari, selimundu (siko seli) na kifafa bado wanapandishwa basi kwenda kwa bingwa?

Mchangiaji, Mpanda

Mkuu umeandika vizuri, lakini huku tumechoka kuwa watu wa majaribio. Kila mara kijijini ndiko kunakopelekwa kitu cha nusu. Mjini wapate bingwa, sisi tupate tabibu aliyeongea na bingwa?

Kambi za madaktari bingwa zilipoanza kuzunguka halmashauri mwaka 2024, watu walijaa. Kuna waliokuwa wanatembea na ngiri miaka mingi, wakapasuliwa, wakapona. Huyo tabibu wako afundishwe kwa video mpaka azeeke, mtoto wa jicho hatatoa. Kutoka huku mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Tunachotaka ni bingwa aajiriwe, apewe nyumba, akae.

Tabibu, Sikonge

Naomba na sisi tunaosemewa tuseme. Zahanati yangu tuko wawili. Asubuhi wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito, chanjo, usiku kuzalisha. Jioni nakaa na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, navyo havijazwi na malaika. Sasa naambiwa kuna kikao cha video kila wiki. Bando la nani?

Hata hivyo sitamwangusha mleta mada. Tulikuwa na mgonjwa mwenye baka mgongoni, tumempaka dawa ya fangasi muda mrefu, haliondoki. Nikampiga picha nikaituma kwenye grupu la WhatsApp ambalo bingwa mmoja wa ngozi yumo. Hakunitajia ugonjwa. Aliandika: "Chukua unyuzi wa pamba, mgonjwa afumbe macho, mguse ndani ya baka na nje yake, aonyeshe kwa kidole ulipogusa." Nje alionyesha kila mara. Ndani ya baka hakuhisi kitu. Ukoma. Dawa zake ni za bure, akaanzishiwa.

Runinga ya hospitali ya mkoa isingeuona ukoma ule, maana picha haionyeshi ganzi. Ilihitaji mkono wangu na akili yake. Sasa kila baka linaloingia pale naligusa kwa pamba, na bingwa simsumbui tena.

Mzazi, Tunduru

Ndugu zangu, mnazungumzia ujuzi tu. Mwanangu alibadilishiwa valvu ya moyo Dar, tunamshukuru Mungu. Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, na anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, kile kipimo cha INR, ili dozi iongezwe au ipunguzwe. Dawa ikizidi anatokwa damu, ikipungua damu inaganda kwenye valvu. Hospitali tunayoandikiwa kwenda, sitaitaja, kipimo mara kipo mara vitendanishi vimeisha. Tukikosa tunapanda basi. Nimeuza mbuzi, nimeuza korosho kabla hazijakomaa.

Bingwa ananipokelea simu, hana neno. Lakini swali lake la kwanza ni "INR ngapi?" Sina jibu, naye hana la kunishauri. Kuna mashine ndogo inayotumia tone la damu ya kidole kama ya sukari. Nipeni hiyo kwanza, halafu muendelee na vikao vyenu.

Daktari bingwa, Moshi

Mzazi wa Tunduru kasema jambo ambalo wenzangu wengi hawalisemi hadharani. Ushauri bila kipimo ni kubahatisha kwa heshima.

Kwa ndugu wa Mpanda: una haki kwenye upasuaji. Ila kambi inakuja siku chache inaondoka. Ngiri ikishapasuliwa imekwisha, kisukari hakiishi siku ya tano. Yule mama aliyeanzishiwa insulini kambini nani anamwona mwezi ujao? Ni tabibu yuleyule unayemwita nusu.

Ngozi ndiyo mfano wangu. Hapa KCMC, hospitali yetu ya rufaa ya kanda, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi tangu 1992, na tangu mwanzo kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, si madaktari peke yao. Wapo waliorudi wilayani wakawa ndio wataalamu wa ngozi pekee huko. Kwa hiyo hili la kumfundisha tabibu si geni kwetu.

Nina mashaka mawili. Najibu picha za wagonjwa saa nne usiku, bila malipo, bila kuandikwa popote kwamba ni kazi. Nikihama au nikichoka, huduma imekufa. La pili, zile picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na bado mwili wa mgonjwa unazunguka kwenye grupu la watu mia mbili. Na tabibu akikosea kwa kufuata ujumbe wangu, nani ataitwa mbele ya baraza la madaktari?

Mleta mada

Mzazi, naipokea, na ninaiongeza kwenye hoja: orodha ya magonjwa yatakayoshushwa zahanati ianze na yale ambayo kipimo na dawa vinaweza kukaa huko. Lisilo na kipimo lisishushwe. INR iwekwe kituo cha afya kwa tone la kidole, tabibu afundishwe kupanga dozi, na basi la Dar libaki kwa dharura.

Daktari, saa zako zilipwe na ziandikwe kwenye ratiba kama kliniki nyingine yoyote. Bima ya afya kwa wote imetungiwa sheria 2023. Ushauri wa bingwa kwa tabibu uwe huduma inayolipwa humo. Tazameni m-mama: mjamzito akipata dharura inapigwa 115 bila malipo, ambulensi ikikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Hakuna runinga pale. Inafanya kazi kwa sababu kila anayehusika analipwa na kazi yake inajulikana.

Mchangiaji, Mpanda

Bado hujanijibu. Siku matabibu watakapoweza kutibu kisukari na kifafa, wizara itasema "Mpanda hamhitaji bingwa". Utawazuiaje?

Mleta mada

Siwezi kuwazuia, mkuu. Ila leo bingwa hayupo na tabibu hajafundishwa, kwa hiyo hata kisingizio hicho hawakihitaji.

Mchangiaji, Mpanda

Hapo hujajibu, umekwepa.

Tabibu, Sikonge

Wakati mnaendelea kuvutana: daktari, kikao kikiwepo kisiwe asubuhi. Jumatano saa nane mchana foleni inakuwa imepungua. Na kiwe cha sauti tu, video huku inaganda na bando linaisha kabla mgonjwa wa pili hajajadiliwa.