Fizikia, Kemia au Baiolojia: lipi gumu zaidi sekondari ya juu?

Mizani: Wakuu, kati ya haya matatu, lipi linaangusha wanafunzi zaidi? Mimi nasema Fizikia. Baiolojia ni kukariri, na praktiko ya Kemia ni kusuuza vyombo kwa maji na kuhesabu matone.

SeliHai: Kukariri? Haya, kariri hili. Umechanganya mimea yenye sifa mbili; jeni zikirithiwa kila moja peke yake, unatarajia aina nne za mbegu kwa uwiano wa 9:3:3:1, lakini mbegu 160 zimetoka 100, 22, 24 na 14. Ni bahati tu, au jeni zimekaa kwenye kromosomu moja? Ulitarajia 90, 30, 30 na 10. Kila tofauti izidishe kwa yenyewe, gawa kwa ulichotarajia, jumlisha: 6.04. Kwa digrii 3 za uhuru (aina nne toa moja), mpaka wa asilimia 5 kwenye jedwali ni 7.82, na 6.04 haijaufikia, kwa hiyo uwiano huwezi kuukataa. Wanaokosea hugawa kwa mbegu walizohesabu badala ya walizotarajia.

BuretiSafi: Ya mbegu nawaachia wenyewe. Mimi nimeumia na hilo la kusuuza kwa maji. Vyombo vipi, Mizani? Kwenye titresheni unadondosha myeyusho mmoja kutoka bureti (mrija wenye vipimo na koki) kwenye flaski yenye myeyusho mwingine uliopimwa kwa pipeti, mpaka rangi ibadilike. Bureti ukiisuuza kwa maji peke yake, matone yanayobaki yanazimua myeyusho na ujazo unaosoma unazidi. Bureti na pipeti humalizia kwa myeyusho utakaoingia humo. Flaski ndiyo ya maji tu.

Mizani: Matone mawili matatu hayabadilishi kitu. Flaski nayo isuuzwe kwa myeyusho wake, vyote viwe sawa.

BuretiSafi: Hapo ndipo mtihani unapopotea! Pipeti imepima sm³ 25.0. Flaski uliyoisuuza kwa myeyusho ikibaki na sm³ 1, sasa una 26. Umeongeza asilimia 4 kabla hujafungua koki, wakati ujazo wa bureti wa majaribio mawili unatakiwa upishane kwa sm³ 0.10 tu. Maji ndani ya flaski hayaongezi moli hata moja ya unachopima, ndiyo maana yanaruhusiwa.

Kipindi_T: Naomba turudi kwenye swali. Fizikia ni ngumu kwa sababu kosa dogo linakua. Chukua penduli, yaani gololi inayoning'inia kwa uzi, ya kutafutia g (mchapuko wa graviti). Kipindi chake, yaani muda wa mzunguko mmoja, kikiwa sekunde 2 na mkono ukichelewa sekunde 0.2, ukipima mzunguko mmoja umekosea asilimia 10, na kwa kuwa kipindi kinapigwa kipeo cha pili, g inakosea karibu asilimia 20. Pima mizunguko 20, kosa la g linashuka hadi asilimia 1. Na ukisahau kujumlisha nusu kipenyo cha gololi kwenye urefu wa uzi, g yako imeharibika.

Mizani: Hapana, la mwisho si kweli ukichora grafu. Ukiweka T² (kipindi kipeo cha pili) dhidi ya urefu, kusahau nusu kipenyo kunasogeza mstari usipite kwenye sifuri, lakini mteremko unabaki 4π²/g. Anayeharibikiwa ni anayetumia kipimo kimoja kwenye fomula.

Kipindi_T: Sawa, hapo umenisahihisha.

BuretiSafi: Penduli mnaielewa vizuri, bureti mnaidharau. Pamanganeti ya potasiamu, ile ya kupimia chuma (Fe²⁺), mnaisomaje kwenye bureti?

SeliHai: Chini ya mbonyeo wa uso wa myeyusho, kama kawaida, jicho likiwa usawa wake.

BuretiSafi: Jicho sawa, lakini rangi yake ni nzito, chini hapaonekani. Soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho. Ukichanganya, juu mara moja na chini mara nyingine, ndipo unapokosea.

Mizani: Asidi yoyote inatosha kuitilia?

BuretiSafi: Salfuriki ya kuzimuliwa, basi. Haidrokloriki haifai, pamanganeti inaoksidisha kloridi kuwa klorini na unatumia nyingi kuliko inavyotakiwa. Nitriki nayo yenyewe inaoksidisha chuma, utatumia pungufu. Na asidi isipungue: moli 1 ya pamanganeti kwa moli 5 za Fe²⁺ inahitaji moli 8 za H⁺. Ukiona tope la kahawia kwenye flaski, asidi haikutosha. Mwaga, anza upya.

Mizani: Na rangi ya waridi ikitokea kwenye flaski halafu ikafifia?

BuretiSafi: Ikififia mara tu unapotikisa, bado hujafika mwisho wa titresheni. Tone moja, tikisa, subiri. Ikidumu sekunde 30, funga koki na usome.