Naomba ushauri: chuo cha mdogo wangu kinapanda divisheni

Habari zenu wadau. Mdogo wangu, mtoto wa Iten, anakimbia mita 10,000 kwenye chuo kidogo huko Marekani kwa ufadhili wa riadha. Chuo kiko Divisheni ya Pili ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), na sasa kimetangaza kupanda Divisheni ya Kwanza. Wenzake wanashangilia, yeye hapati usingizi.

Kinachotuumiza kichwa ni kipindi cha mpito. Kilikuwa miaka 4, mwaka 2025 kikapunguzwa hadi 3, na kwa kawaida muda huo wote chuo hakishiriki mashindano ya taifa ya NCAA. Yeye amebakiza miaka miwili tu! Ndoto yake ni hayo mashindano, amejituma mno.

Kocha anamhakikishia ufadhili hautaguswa, ila ni kwa mdomo. Barua aliyo nayo inahuishwa mwaka kwa mwaka. Na akihama, mambo ya I-20 (fomu ya chuo inayohitajika kwa viza ya mwanafunzi) nayo yahamishwe.

Mliosoma huko kwa riadha, abaki au ahame? Na hiyo ahadi, aombe maandishi kwa kocha mwenyewe au kwa ofisi ya ufadhili? Tafadhali nisaidieni, wazazi wananisubiri mimi niwape jibu.