Wakuu ushauri: kwenye mtoano wa NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) kinachoshinda ni kotabeki (yule mrusha pasi) au ukuta? Nina maamuzi kabla ya tarehe 9

Jasho_la_KC
Habari za humu wakuu. Niko Kansas City upande wa Missouri, napiga shifti za usiku bohari, na tangu nifike huku nimeukolea huu mpira wao kuliko nilivyotegemea. Sasa juzi Chiefs, timu ya hapa kwetu, wamemtoa Buffalo 32-29, tarehe 9 mwezi wa pili 2025 wanakutana na Eagles ya Philadelphia kwenye Super Bowl, ndo fainali yenyewe, kule New Orleans. Swali langu kwa wanaoujua huu mchezo: mechi za mtoano, zile ukipoteza moja tu unafungasha virago, kinachoshinda hasa ni nini? Mimi naona ni kotabeki na kocha basi. Mahomes, kotabeki wa Chiefs, kwenye mtoano kashinda 17 kapoteza 3. Kocha Andy Reid ndo huyo huyo. Mnaosema Eagles wana timu nzuri nipeni sababu ya maana kwa nini Chiefs wasichukue mara ya tatu mfululizo, mimi nimetafuta sijaiona. Kuna kitu nataka kufanya na sitaki kukurupuka. Matusi hapana tafadhali.

Bao_la_Kisigino
Mkuu hapa tunasubiri Simba na Yanga wewe unatuletea watu wenye helmeti. Ngoja waje wenyewe.

Shangazi Rukia
Kitu gani unataka kufanya mwanangu?

Jasho_la_KC
Ni mambo binafsi tu shangazi, shikamoo. Tujikite kwenye swali.

Fundi_Laini
Jibu langu ni watu wanne wa mbele. Timu ikiweza kumfikia kotabeki kwa wale wanne tu wa laini, bila kumtoa mtu nyuma aende kusaidia, maana yake inabaki na saba wa kuzuia pasi, na hapo hata Mahomes hana pa kurusha. Hizo tatu alizopoteza umeziangalia au umehesabu tu? Angalia fainali ya 2021 na Tampa Bay, 31-9, hawakupata hata tachidauni moja. Mlinzi wa kulia na wa kushoto wa laini yake wote walikuwa majeruhi, akawa anakimbizwa uwanja mzima, anarusha mpira huku anaanguka. Kotabeki alikuwa yule yule na kocha yule yule Andy Reid. Nenda nyuma zaidi, Patriots 2007 walishinda mechi zote 18 wakafika fainali, Giants wakawafunga 17-14 kwa sababu kotabeki wao Brady alikuwa hapati nafasi ya kupumua. Denver fainali ya 2016, mlinzi wao Von Miller alimvua Cam Newton, kotabeki wa Carolina, mpira mkononi mara mbili akawa mchezaji bora wa fainali, na kotabeki wao Peyton Manning wakati huo mkono ulishachoka kabisa.

KipKasarani
Boss hapo naona uko sawa lakini umesahau bahati. Mimi ni shabiki wa Buffalo, nimezoea kuumia. January 2022 tulikuwa tunaongoza zimebaki sekunde 13, sekunde 13 tu jamani, Mahomes akasukuma mpira mpaka wakapiga ya kusawazisha, overtime wakashinda shilingi ya kurusha juu, wakafunga, game imeisha 42-36 na kotabeki wetu Josh Allen hajagusa mpira hiyo overtime. Ndio wakabadilisha sheria kwa playoffs, sasa kila timu lazima ipate mpira. Sheria imebadilika na sisi bado tunatolewa na watu wale wale. Sasa uniambie ni ukuta ama ni nini.

Fundi_Laini
Pole sana ndugu yangu. Lakini bahati mtu hawezi kuiandaa. Kingine anachoweza kukiandaa ni kutopoteza mpira. Detroit msimu huu wameshinda 15 wakapoteza 2, wamepumzika raundi ya kwanza, wako nyumbani kwao, wakapoteza mpira mara tano na Washington wakafungwa 45-31 na kotabeki ambaye ndo kwanza msimu wake wa kwanza. Wiki iliyofuata hao hao Washington wakaanza na wao kupoteza mipira kwa Eagles, wakala 55. Msimu mzima unaweza kufanya makosa ukarekebisha wiki ijayo, mtoano hakuna wiki ijayo.

Jasho_la_KC
Mkuu nimekuelewa ila hapo umenisaidia mimi. Mwaka 2023 Chiefs na Eagles walikutana fainali, Hurts, kotabeki wa Eagles, alicheza vizuri sana lakini aliangusha mpira mara moja, Bolton wa Chiefs akauokota akakimbia nao mpaka mwisho, Chiefs 38-35. Na msimu huu Chiefs wameshinda mechi kibao kwa tofauti ndogo ndogo, Denver walikuwa wanapiga mpira wa mwisho wa ushindi ukazuiwa kwa mkono. Timu inayojua kushinda mechi ya kubanana ndo timu ya mtoano. Ndo maana nasema hii ni hesabu, sio bahati.

Shangazi Rukia
Hesabu ya nini? Mbona unajitetea na hakuna aliyekushtaki?

Mama Kulwa
Shangazi umeona kama mimi. Huyu anataka kubeti.

Jasho_la_KC
Haya. Ni kweli kuna hela nataka kuiweka kwa Chiefs. Dola elfu nne. Sio mlevi wa mikeka, sijawahi kuweka hela ya maana kwenye huu mchezo, na nimefuatilia kila mechi yao. Niliuliza ili nijiridhishe tu.

Mama Kulwa
Dola elfu nne!! Mdogo wangu hiyo ni bati za nyumba nzima na chenji inabaki. Ya nani hiyo hela?

Jasho_la_KC
Ya kwangu, nimeitafuta kwa mikono yangu hii.

Mama Kulwa
Sijauliza nani kaitafuta. Ilikuwa ya nini?

Jasho_la_KC
Ya mahari. Wazee wangu wanaenda Bukoba tarehe 15, baba mdogo ndo msemaji na mshenga ameshapanga kila kitu. Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Waliyotaja ukweni ni kubwa kuliko niliyonayo, hii elfu nne inazidi nusu kidogo tu. Chiefs wakishinda inakuwa karibu mara mbili. Baba mdogo ndo aliyenisomesha baada ya mzee kufariki. Sitaki asimame mbele za watu wazima wenzake aanze kuomba kupunguziwa kwa ajili yangu. Nataka aingie pale aweke mezani yote akae chini. Ndo hivyo tu.

Babu_wa_Rombo
Kijana, mimi nilioa 1987. Baba mkwe alitaja mbuzi, blanketi la bibi, mkaja wa mama na mbege ya ukoo mzima, mfukoni nilikuwa na nauli. Mshenga wangu aliomba, akaomba tena, wakacheka, wakapunguza, yaliyobaki nikawa namalizia kidogo kidogo mpaka mtoto wa pili. Na heshima yangu pale ukweni ilikuja kwenye kule kumalizia, maana kila nikienda na kitu wananiona. Kuomba kupunguziwa sio aibu ya baba yako mdogo, ndiyo kazi aliyotumwa. Msemaji asiyeombaomba ukweni ni msemaji gani? Wahaya nao watataka mazungumzo, usiwanyime.

Bao_la_Kisigino
Babu umeongea. Mie mahari yangu nilipunguziwa sababu mshenga alikuwa anawachekesha, mpaka leo mama mkwe akiniona anamuulizia yeye kwanza.

Ustadh_Mbagala
Kamari ni haramu, na kuingiza fedha ya kamari kwenye ndoa ni kuanza nyumba bila baraka. Sina la kuongeza.

Mzee_wa_Ushahidi
Samahani wakuu ila hii ni chai. Missouri mpaka sasa, Februari 2025, kubeti michezo bado hairuhusiwi, wamepiga kura mwezi wa 11 mwaka jana ikapita kwa kura chache sana na haijaanza kazi. Zile programu zinasoma simu yako iko wapi, ukiwa Missouri inakukatalia. Sasa huyu anaweka wapi hiyo elfu nne? Halafu nimepitia nyuzi zake, mwaka jana alikuwa anaulizia kiwanja Kibaha kwa ajili ya "mimi na wife". Wife yupo na mahari ya nani tena?

Bao_la_Kisigino
Eeeh! Leta sukari basi.

Jasho_la_KC
Mkuu ukifika Kansas City utajua kuna barabara inaitwa State Line, upande huu Missouri upande ule Kansas. Kansas inaruhusiwa tangu mwezi wa 9 mwaka 2022. Wenzangu kazini wanavuka, wanapaki pembeni, wanaweka, wanarudi. Mambo ya kiwanja ni dada yangu na shemeji, tulikuwa tunatumia akaunti moja. Sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua.

Lubumbashi_Midwest
Kwa State Line anasema kweli, mimi naishi hapa hapa. Kuna watu siku ya mechi wanajaa kwenye maegesho ya upande wa Kansas na simu mikononi. Ya kiwanja mimi sijui.

Mzee_wa_Ushahidi
Barabara nimekubali. Dada na shemeji sijakubali.

Mama Kulwa
Chai au si chai, kuna binti Bukoba anasubiri wageni. Yeye anajua? Umemwambia?

Jasho_la_KC
Hajui, na haina haja ya kumpa presha. Hela ni yangu na tarehe haijabadilika.

Shangazi Rukia
Basi hapo ndipo pa kuanzia mwanangu. Ambalo huwezi kumwambia yeye usilifanye kwa jina lake.

Fundi_Laini
Ngoja nimjibu swali lake maana ni swali la kweli, awe anatunga au hatungi. Umeuliza sababu, hii hapa. Chiefs wamekosa mlinzi wa kushoto wa kueleweka msimu mzima, mpaka wamemhamisha Joe Thuney, ambaye nafasi yake ni ya ndani, wakampeleka pembeni kule kushoto ndo amlinde Mahomes mgongoni. Ni mchezaji mzuri mno ila pale sio kwake. Anakutana na laini ya Eagles yenye Jalen Carter katikati na Josh Sweat pembeni, na kocha wao wa ulinzi Vic Fangio hana tabia ya kutuma watu wengi kumfuata kotabeki. Upande wa pili Eagles wana Jordan Mailata, jamaa alikuwa anacheza ragbi Australia, hajawahi kucheza huu mpira kabla ya 2018, leo ni ukuta. Nyuma yake mkimbiaji wao Saquon Barkley amekimbia na mpira yadi 2,005 msimu huu. Na hakuna timu iliyowahi kubeba Super Bowl tatu mfululizo. Mimi nisingeweka hata mia. Na hao Eagles ninaowasifia nisingewawekea mahari pia.

Jasho_la_KC
Asante mkuu, hili la Thuney nilikuwa naliona nikasema watalificha kwa pasi za haraka haraka kama walivyofanya na Buffalo. Nimelala nalo. Nusu nimemtumia baba mdogo leo asubuhi, risiti ninayo. Nusu iliyobaki bado naiangalia, msinisukume.

Babu_wa_Rombo
Umefanya vizuri. Mtumie na hiyo nyingine.

KipKasarani
Huku kwetu itaanza saa nane na nusu usiku, nitakesha na chai, ya majani hiyo. Naombea Eagles, nimechoka na hao watu.

*Jumatatu, tarehe 10*

KipKasarani
40-22!!! Hafutaimu ilikuwa 24 kwa sifuri, nimeamsha jirani.

Mzee_wa_Ushahidi
Mleta mada yuko wapi? Tunataka kujua ile nusu.

Fundi_Laini
Nimeirudia mechi yote. Mahomes kalazwa chini mara sita, mipira miwili imenaswa, mmoja kaangusha, na Fangio hakuongeza mtu hata mara moja. Mechi nzima ni wale wanne.

Mama Kulwa
Jasho, mdogo wangu, njoo useme hata neno moja. Hakuna atakayekucheka humu.

Shangazi Rukia
Ameniandikia pembeni. Kasema wazee wanaenda tarehe 15 kama kawaida. Mengine ni yake, nisiyaweke hapa.

Mzee_wa_Ushahidi
Hata kama shangazi, tulishiriki wote.

Babu_wa_Rombo
Mwambie mshenga akikwama anitafute, nina ndugu Bukoba mjini wa kuwapokea.

KipKasarani
Fundi nieleze kitu, Saquon alipata yadi 57 tu na bado wakafunga 40, si ulisema ni yeye?

Fundi_Laini
Chiefs walimjazia watu yeye, kila akipokea wako watatu. Hurts akabaki na nafasi ya kurusha, na ile ya Cooper DeJean, beki wa Eagles, ya kunasa mpira akakimbia nao ilikuja mapema kabla Chiefs hawajatulia. Ukishakuwa nyuma 17 huwezi tena kukimbia na mpira, lazima urushe, na ukirusha wale wanne wanajua unarusha. Nitaandika uzi wake jioni nikitoka kazini.