Naomba ushauri: swali la 9 kwenye dodoso langu limeninyima usingizi

Habari zenu wakuu. Nafundisha uuguzi wa afya ya akili chuo kikuu na pembeni nina utafiti wa sonona kwa wanafunzi wanaoenda wodini mara ya kwanza. Natumia PHQ-9, lile dodoso la maswali 9, maksi 0 mpaka 27, ukifika 10 ndo tunasema huyu aangaliwe vizuri.

Sasa ishu ni swali la 9, linalouliza kama mtu anawaza bora afe au ajidhuru. Juzi napitia karatasi nakuta moja ilitikiwa "karibu kila siku" halafu ikafutwa na raba ikawekwa "hapana kabisa", ila mkwaruzo wa penseli bado unaonekana. Dodoso halina jina, usiri niliwaahidi kwa mdomo wangu mwenyewe, lakini mwandiko kwenye sehemu ya maoni naujua, nimesahihisha mitihani yake mihula miwili (hapo ndo nachoka).

Nikimwita ofisini nimevunja ahadi, kukaa kimya siwezi, maana mimi huyuhuyu ndo nawafundisha kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo. Kuongea na darasa zima niwape namba ya mshauri nasaha naona ni kama kukwepa tu. Kamati ya maadili nimewaandikia leo asubuhi, nasubiri.

Mliowahi kukutana na hili mlifanyaje? Na awamu ijayo niweke namba za siri badala ya majina ili nimfikie mtu, au akusanye mwingine kabisa asiyewafundisha?