Konsoli ya mkononi kuzima mapema: je, betri imechoka?

Kijana wa Himbi, Goma
Ndugu zangu, nina Steam Deck ya kioo cha LCD. Nikicheza mchezo mdogo wa karata hunifikisha karibu saa sita, lakini nikifungua mchezo wa magari wenye mvua, vivuli na taa nyingi, feni huvuma, mgongo wa konsoli huwa moto, na saa mbili hazitimii. Huku kwetu umeme hukatika jioni, wakati ambao ndio wangu wa kucheza. Je, ninunue betri mpya?

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Mdogo wangu, usinunue kitu. Betri hiyo ni ya wati-saa 40, na prosesa, yaani chipu inayoendesha mchezo, pekee huweza kula wati 15. Ukijumlisha kioo, feni na Wi-Fi unakaribia wati 25, yaani saa moja na nusu hivi. Bonyeza kitufe cha nukta tatu, fungua ukurasa wenye alama ya betri, weka kikomo cha picha 30 kwa sekunde, kisha shusha wati za prosesa hadi 9.

Mama wa Wawili, Lubumbashi
Punguza na mwangaza. Prosesa ndiyo mlaji mkuu: konsoli ya Nintendo Switch ya 2019 ilibaki na betri ileile ya 2017, ila chipu mpya iliipandisha kutoka saa 2.5–6.5 hadi 4.5–9.

Kijana wa Himbi, Goma
Asante, mkubwa, asante, mama. Jana nimefika saa mbili na nusu. Mvua ya mchezoni sasa inarukaruka kidogo, lakini navumilia.