Tela la tipa lililozoea makaa ya mawe: nitabebaje moramu na kokoto bila kuhatarisha watu?

MwenyeTela_Ruvuma

Ndugu zangu mnaomiliki na kuendesha malori, naomba ushauri wenu. Ninalo tela la tipa la ekseli tatu, linalovutwa na kichwa (gari la mbele lenye injini) cha ekseli tatu, ambalo tangu nilinunue limekuwa likibeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, kwenda bandari ya Mtwara. Bodi lake lina mita za ujazo 34, na makaa yakijaa hadi ukingoni uzito kwenye mizani huwa hauna tatizo.

Sasa nimepata kazi ya kupeleka moramu (udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara) na kokoto kwenye barabara za vijijini upande wa Songea. Mkandarasi analipa kwa tripu, na msimamizi wake anataka bodi lijae kila safari. Dereva wangu ni mtu makini mwenye uzoefu mkubwa wa lami, lakini hajawahi kumwaga mzigo juu ya tuta la udongo ambalo halijashindiliwa vizuri. Nipakie kiasi gani, na dereva azingatie nini anapomwaga?

Mhandisi_Njombe

Ndugu, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu hilo sharti la kujaza bodi ndilo la kukataa kwanza. Bodi lako lilipimwa kwa makaa ya mawe, ambayo yakiwa yamemwagwa bila kushindiliwa huwa na uzito wa tani 0.85 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mita 34 zinakupa takriban tani 29. Moramu hufika tani 1.7, na ukiijaza vilevile utakuwa na karibu tani 58 za mzigo peke yake, kabla hujahesabu gari lenyewe.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela, yaani jumla ya tani 50. Ikiwa kichwa na tela vikiwa vitupu vina tani 18, umebakiwa na tani 32 za mzigo. Kwa moramu hizo ni mita za ujazo kama 19, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya bodi. Kwa kokoto kavu unaweza kufika mita 20 au 21. Moramu iliyonyeshewa usiikadirie kwa macho, kwani maji yanaongeza uzito ilhali kimo cha mzigo kinabaki kilekile. Pima gari likiwa tupu, kisha upige mistari ya rangi ndani ya bodi, mmoja kwa kila aina ya mzigo, ili mwendesha kijiko, yaani mtambo wa kupakia, aone mahali pa kuishia. Kutokuwapo kwa mizani ya TANROADS (Wakala wa Barabara) kwenye barabara ya kijijini hakupunguzi hata kilo moja kwenye matairi na breki zako.

Lipo pia suala la kupanga mzigo, ambalo wengi hulipuuza wakishaona jumla iko sawa. Mwendesha kijiko akimwaga yote mbele, ekseli za kichwa zitazidi tani 18 ingawa jumla ni halali, na zaidi ya hapo, bodi likiinuliwa uzito wote utakuwa juu kabisa. Akirundika nyuma, matairi yanayovuta yanakosa mkandamizo na kichwa kinaanza kuteleza kwenye mlima wenye tope. Mzigo utandazwe kwa urefu wa bodi, na pande za kulia na kushoto zilingane.

DerevaWaMasafa

Naunga mkono hesabu za Mhandisi, lakini naomba mwenye tela aelewe kwamba hata ukiwa na tani 32 halali kabisa, hatari kubwa ya tela la tipa iko mahali pa kumwagia, gari likiwa limesimama. Tipa fupi la ekseli tatu husamehe mambo mengi. Tela refu halisamehe, kwa sababu bodi likishapanda linashikiliwa na pini za nyuma na jeki moja ya mbele tu.

Fikiria hivi: bodi likiwa juu, kitovu cha uzito kinaweza kufika mita 3.5 kutoka ardhini. Ardhi ikiinama pembeni kwa nyuzi 5 tu, kitovu hicho kinasogea kama sentimita 30 kuelekea upande wa chini, ilhali kutoka katikati ya tela hadi matairi ya pembeni ni takriban mita moja. Springi za upande huo zinakandamizwa, matairi yanabonyea, tuta linatitia, na zile sentimita 30 zinaendelea kuongezeka huku dereva akiwa bado ameshikilia kitasa cha kuinulia. Kwa hiyo ashuke kwanza, akanyage ardhi kwa miguu yake, aangalie kama tuta limeshindiliwa na kama ukingo uko mbali. Kichwa na tela vinyooke kwenye mstari mmoja. Upepo wa matairi ya pande zote mbili ulingane. Tela lenye baluni (mifuko ya upepo) badala ya springi za majani litolewe upepo kabla ya kuinua. Lango la nyuma lifunguliwe kabla bodi halijapanda, na utingo akishalifungua aondoke kabisa, asisimame pembeni kuelekeza, kwa sababu tela likianguka huangukia pembeni, na urefu wote wa bodi ndio eneo la hatari.

Bodi lipande polepole, na dereva abaki kwenye kiti akiangalia vioo vyote viwili. Akiona upande mmoja unashuka, ateremshe bodi mara moja bila kusubiri kauli ya mtu.

MwenyeTela_Ruvuma

Nawashukuru sana. Nina swali la nyongeza. Moramu yenye unyevu hung'ang'ania kwenye pembe za mbele, na nimewaona madereva wakirudi nyuma kwa kasi na kukanyaga breki ghafla ili bodi litikisike. Je, kuna usalama wowote katika jambo hilo?

FundiHaidroli

Hakuna, mzee wangu. Mzigo uliong'ang'ania mbele ndio ulio juu zaidi, na mara nyingi hushika upande mmoja kuliko mwingine. Ukitikisa gari katika hali hiyo, jeki iliyonyooka mpaka mwisho inapigwa kwa nguvu ya pembeni ambayo haikuundwa kuihimili, na pini za bodi vilevile. Dereva ateremshe bodi mpaka likae, kisha mzigo ulegezwe kwa koleo za mpini mrefu, bodi likiwa chini na injini imezimwa. Kila jioni bodi lioshwe au likwanguliwe, kwa sababu tabaka kavu la leo ndilo linaloshika mzigo wa kesho.

Mtu yeyote asiingie chini ya bodi lililoinuliwa, hata kupaka grisi tu, bila kusimamisha nguzo ya chuma ya kulizuia, na bodi liwe tupu. Mpira wa haidroli ukipasuka au kitasa kikiguswa kwa bahati mbaya, hakuna nafasi ya kukimbia. Dereva naye ahakikishe amekata pampu ya bodi kabla ya kuondoka, maana ikiachwa inafanya kazi, bodi linaweza kuanza kupanda gari likiwa njiani.

Kuhusu nyaya za umeme, bodi la mita 9 likisimama kwa nyuzi 45 ncha yake hupita mita 7 kutoka ardhini, na laini za TANESCO za kilovolti 33 zinapita kando ya barabara nyingi za vijijini. Mahali pa kumwagia pachaguliwe mbali na laini. Bodi likigusa waya, dereva abaki ndani na watu wote wazuiwe kusogea mpaka umeme ukatwe. Gari likishika moto, aruke mbali huku miguu yote miwili ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza nyayo.

DerevaWaMasafa

Naongeza moja kuhusu njia yenyewe. Kama mzigo utapitia milima ya Lukumburu, gia nzito ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, na breki ya injini ifanye sehemu kubwa ya kazi. Breki za ngoma zikishapata joto kali hupoteza nguvu, na wakati huo kurudisha gia huwa hakuwezekani tena.

Mhandisi_Njombe

Mwenye tela, kabla ya kusaini mwombe mkandarasi alipe kwa tani au kwa mita ya ujazo badala ya tripu, kwa sababu malipo ya tripu ndiyo yanayomfanya msimamizi adai bodi lijae. Andikeni pia kwenye mkataba kwamba mkandarasi ataandaa sehemu tambarare iliyoshindiliwa ya kumwagia, na kwamba dereva akiona haifai anaweza kumwaga nyuma ya hapo, kisha greda au kijiko kisukume udongo mpaka mbele ya tuta. Greda tayari liko saiti, kwa hiyo gharama ya kusukuma ni ndogo.